Ukurasa wa "Sisi Ni Nani" wa ateliye ya shaba: yaliyotupata tulipouandika

Ukurasa wa bei haukutusumbua, wa picha ulijaa haraka, na wa mawasiliano ulihitaji namba ya simu na ramani tu. Uliotutoa jasho, ukatugombanisha ndani ya familia na kula fedha ambazo hatukuzipangia, ni ule mfupi unaomweleza msomaji sisi ni nani. Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi, wenye maduka na vyama vidogo vya hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwingineko, wanaoanza kutengeneza tovuti zao huku wakidhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba kazi ngumu ni ya mtu wa kompyuta na kwamba maneno hayatakosekana.

Ateliye yetu, yaani karakana, iko Kampemba, mojawapo ya komini, yaani wilaya, za mji huu. Tunafua shaba kwa nyundo: picha za ukutani, sinia, bakuli, vivuli vya taa, pembeni tunakata na kung'arisha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, kwa ajili ya bangili na visanduku vya vito. Mwenye kazi ni baba yangu mkubwa, aliyejifunza ufundi huu akiwa kijana. Mimi ninashika daftari la hesabu na simu ya wateja. Kwa miaka mingi wateja wetu walikuwa wapita njia: wafanyakazi wa kampuni za migodi wanaotafuta zawadi ya kuondoka nayo, wageni wa hoteli, na familia zenye harusi. Kisha ujumbe ukaanza kuingia kwenye WhatsApp kutoka Kinshasa, Ubelgiji na Afrika Kusini, kutoka kwa watu walioona kazi yetu ukutani kwa rafiki, na karibu wote waliuliza kama tuna tovuti. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndani ya swali hilo mlikuwa na jingine: watajuaje kwamba tupo kweli, na kwamba fedha wakizituma hazitapotelea njiani?

Andiko la kwanza tulilinunua. Kijana aliyetutengenezea tovuti alitoza dola 250, na kwa dola 40 za ziada akajitolea kuandika maneno ya kurasa zote. Maneno yalikuja kwa Kifaransa kilichonyooka. Yalisema kwamba sisi ni timu ya vijana wenye ari, kwamba tunaongoza katika fani yetu, kwamba mteja ndiye tunayemfikiria kabla ya jambo lolote, na kwamba ubora na ubunifu ndiyo nguzo zetu. Baba mkubwa, mwenye miaka zaidi ya 60, alifurahi kuitwa kijana mwenye ari. Hakuna aliyeona tatizo mpaka binamu yangu anayesoma chuo kikuu aliponionyesha tovuti ya duka moja la vipuri vya magari iliyotengenezwa na mtu yuleyule. Sentensi zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule. Mahali pa vipuri palikuwa pamewekwa shaba, basi. Tulipomwuliza, alijibu kwamba kampuni zote huandika hivyo, na dola 40 hazikurudi.

Kwa kweli alikuwa hakudanganya. Nilifungua kurasa za namna hiyo za biashara nyingi za mji huu, kubwa na ndogo, na nyingi zingeweza kubadilishana maneno usiku na asubuhi mteja asigundue lolote. Hapo ndipo tulipopata kipimo ambacho ninakitumia hadi leo: soma sentensi, ondoa jina lako, weka la jirani anayefanya kazi kama yako, halafu uisome tena. Ikiwa bado inasimama, haina kazi kwenye ukurasa wako, hata ikiwa ni ya kweli. Tulipoyapitisha maneno yale ya dola 40 kwenye kipimo hicho, ilibaki anwani.

Binamu alisema ataandika yeye. Anasoma historia, na aliandika kwa bidii. Alianza na misalaba ya shaba ya Katanga, eneo letu hili, ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa na kutumika kama fedha na ambayo imekutwa makaburini huko Sanga, kwenye bonde la Upemba. Akaja kwa Msiri, mfalme wa huku, na misafara ya biashara, mpaka alipouawa mwaka 1891. Akaingia Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, ya mwaka 1906, kuanzishwa kwa mji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, shaba ya kwanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na jina la Lubumbashi kushika nafasi yake mwaka 1966. Hakuna jambo hata moja humo ninaloweza kulipinga. Lakini ateliye yetu ilitokea kwenye aya ya mwisho tu, na msomaji aliyetaka kujua nani atampokelea fedha yake alikuwa kama mgeni aliyebisha hodi, akafunguliwa na mtu anayemsimulia habari za mtaa mzima bila kumwonyesha kiti. Historia ile ni ya kila mtu aliyezaliwa huku. Hata anayeuza shaba ya bandia anaweza kuibandika kwenye ukurasa wake. Tulibakiza sentensi mbili kuhusu msalaba, kwa kuwa tunautengeneza kwa umbo dogo na wateja huuliza kwa nini una mikono minne inayolingana. Binamu alininunia kwa muda. Ninamwelewa, maana lilikuwa andiko zuri, ila halikuwa ukurasa wetu.

Kilichotufungulia njia kilikuwa kwenye simu niliyokuwa ninaishika kila siku. Nilirudi nyuma katika ujumbe wote wa wateja na kuandika daftarini kila swali lililoulizwa kabla ya mtu kulipa. Mengi yalijirudia: Nani hasa anatengeneza? Ni shaba tupu au chuma kilichopakwa rangi? Mmeipata wapi? Itageuka nyeusi? Kwa nini sinia moja ina bei ya suti? Naweza kumtuma ndugu yangu aje kuona? Kama kuna mtu atachukua jambo moja tu katika simulizi hii, ningependa liwe hili la daftari. Anayefungua ukurasa wa "Sisi Ni Nani" mara nyingi ameshapenda picha na ameshaona bei; kinachomzuia ni hofu, na maswali yale ndiyo hofu yenyewe, imeandikwa kwa mkono wake.

Swali la bei lilijibiwa na baba mkubwa bila kukusudia. Nilikuwa nimeandika kwamba kila kazi inafanywa kwa mkono na kwa moyo, nikamsomea jioni moja akiwa kazini. Alikuwa na bamba juu ya makaa, akilitazama lianze kuwa jekundu upande wa kivulini, kwa sababu kwenye jua wekundu huo hauonekani vizuri. Akalitoa kwa koleo, akalizamisha majini, likalia, akalipangusa na kulikunja kidogo kwa vidole kunionyesha lilivyolegea. Chuma cha kutengenezea visu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inakuwa laini. Kisha akaligeuza kifudifudi juu ya lami na kuanza kupiga kwa nyuma, ili sura itokeze mbele. Kadiri nyundo inavyopita, bamba linakakamaa, na fundi asipolirudisha motoni kwa wakati linapasuka mahali pabaya kuliko pote, yaani pale sura inapokaribia kukamilika. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Mama, hapo haujasema kitu. Wambie linarudi motoni."

Nilifuta moyo na mkono, nikaandika kwamba bamba la sinia hurudi motoni tena na tena kabla halijamalizika, na kwa nini. Aya hiyo fupi imepunguza mabishano ya bei kuliko ukurasa wa bei wenyewe. Ninaamini pia kwamba ndiyo inayosomwa zaidi, kwa sababu wateja wanainukuu wanapoandika. Mtu haambiwi kwamba fundi ni hodari. Anaonyeshwa jambo ambalo fundi hodari peke yake ndiye angelijua.

Sasa nifike kwenye swali lililotutesa. Katika Katanga kila mtu anajua habari ya nyaya za umeme zinazokatwa usiku na mitaa inayobaki gizani, na anajua kwamba shaba hiyo lazima iishie mahali. Mteja mmoja wa Ubelgiji aliuliza waziwazi kama yetu inatoka huko. Baba mkubwa alikasirika sana. "Basi leo mimi ni mwizi?" alisema, na akataka tusimjibu. Binamu naye alitaka tuandike kwamba tunaheshimu maadili ya upatikanaji wa malighafi, sentensi ambayo mwizi wa nyaya pia angeitia sahihi. Mimi niliona kwamba kukaa kimya kwenye swali ambalo kila mteja wa mbali analo kichwani ni jibu tayari, tena baya, lakini pia kwamba hatuna haki ya kuandika jambo tusiloweza kulionyesha. Kwa hiyo tulifungua sanduku la risiti.

Mabamba mapya yalikuwa na risiti za wauzaji wa vifaa mjini. Nyaya nyembamba za bangili zilitoka kwa wanaosuka mota upya, ambao tunawafahamu na ambao mabaki yao tunayapima kwa mizani mbele yao. Kulikuwa na fungu la tatu, dogo: vipande vinavyoletwa mlangoni na watu wanaosema ni sufuria au mabomba ya zamani. Kwa fungu hilo hatukuwa na karatasi wala jina. Tulibishana, na mwishowe baba mkubwa mwenyewe, aliyekuwa mkali kuliko sote, akasema mlango huo ufungwe. Tangu hapo hatununui kwa mtu tusiyemjua, na gharama ya malighafi imepanda. Kuna miezi ambayo ninaiona wazi daftarini. Ndipo tukaandika aya ya shaba, yenye vyanzo viwili na maneno kwamba risiti zinatunzwa na mteja anaweza kuomba kuziona. Sikutegemea kwamba kuandika ukurasa kungetulazimisha kubadili namna ya kununua, na ninawaonya wenzangu kwamba jambo hilo linaweza kuwapata.

Malakiti ilikuwa ngumu zaidi. Tunainunua kwa wafanyabiashara wa mji wa Likasi ambao tunawafahamu kwa jina na kwa sura, lakini shimo lilikotoka jiwe hatulijui, na ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo ya mikono zimesomwa dunia nzima. Tuliandika hivyo hivyo: tunanunua kwa nani, na kwamba hatuwezi kutaja shimo. Tukaongeza kwamba tunalikata jiwe likiwa chini ya maji na tukiwa tumefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la malakiti lina shaba na ni hatari kwa mapafu. Binamu alionya kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Huenda yamefukuza, aliyefukuzwa haandiki kutuambia. Ninachoweza kusema ni kwamba walioandika baada ya kuyasoma hawakuuliza tena swali hilo kwa hila.

Mengine yalikwenda haraka zaidi, ingawa kila moja lilikuwa na mtego wake. Mwaka wa kuanza, kwa mfano: baba mkubwa alianza kufua shaba mwaka 1983, lakini ateliye iliandikishwa mwaka 2016. Mtu wa tovuti alikuwa ameandika "tangu 1983" kwa herufi kubwa. Tuliweka miaka yote miwili na kueleza kila mmoja ni wa nini, kwa sababu mteja akiomba karatasi ataona 2016, na kuanzia hapo hatatuamini hata tukimwambia jua linachomoza mashariki.

Kuhusu karatasi zenyewe, ziandikeni. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na tangu hapo biashara zinaandikishwa katika RCCM, yaani daftari rasmi la biashara. Namba za hapa kwetu huanza na CD/LSH/RCCM. Msomaji wa Ufaransa amezoea kutafuta maelezo ya namna hiyo, kwani sheria ya kwao ya mwaka 2004 inazitaka tovuti zimtaje mwenye kuziendesha, na asipoyaona anashtuka. Ikiwa una patente tu, yaani kibali cha biashara ndogo, kama mafundi wengi, andika kwamba una patente. Ni karatasi halali, na mtu mwenye patente anayesema hivyo anaaminika kuliko anayejiita kampuni ya kimataifa bila namba. Anwani yetu tuliiandika kwa avenyu, mtaa na komini, kisha kwa alama ambayo dereva wa teksi anaijua, maana namba za nyumba peke yake haziwezi kumfikisha mtu. Simu ianze na +243. Mahali tunapohifadhi kazi zilizokamilika hatukupataja, na sioni sababu ya mtu yeyote kupataja.

Picha nazo zilileta maneno. Zile za mwanzo zilikuwa za watu wasiotujua, waliovaa suti na kucheka mbele ya kompyuta, zilizochukuliwa kwenye intaneti. Tuliziondoa na kupiga zetu kwa simu, asubuhi, mlangoni, ambapo mwanga ni mzuri. Mfanyakazi mmoja hakutaka sura yake ionekane. Ndugu zake kijijini, alisema, wakimwona kwenye intaneti wataamini ametajirika, na simu za kuomba msaada hazitakoma. Kwake tulipiga mikono tu, na hiyo ndiyo picha ambayo wageni wameisifu zaidi. Ombeni ruhusa ya kila mtu, na mumweleze kwamba picha itaonekana hata na watu asiowapenda. Zaidi ya hayo, picha ya simu inaweza kuwa na megabaiti kadhaa. Punguzeni kila moja ifike chini ya kilobaiti 200, kwa sababu mteja wa hapa ananunua mega kwa fedha yake na hatasubiri ukurasa ufunguke ili aone nyundo yako.

Kuna jambo la ukubwa pia. Tuko watu wanne. Maneno ya mwanzo yalizungumzia idara ya masoko na huduma kwa wateja, na zote mbili zilikuwa mimi, mara nyingi nikiwa na mtoto mgongoni. Tulipoandika kwamba tuko wanne, nani anafua, nani anakata mawe na nani anajibu simu, wateja walianza kuniandikia kama mtu, na waliposubiri jibu siku umeme umekatika walisubiri kwa subira zaidi. Ateliye inayojifanya kampuni kubwa inajiletea wateja wenye madai ya kampuni kubwa.

Ukurasa upo kwa lugha tatu, na baada ya kujaribu kuufasiri neno kwa neno tuliona ni afadhali kila toleo liandikwe upya kwa msomaji wake. La Kiswahili ni fupi: mtu wa Kenya au wa Katuba, komini za mji huuhuu, hana haja ya kueleweshwa Kampemba iko wapi, anataka kujua kama anaweza kuleta mchoro wake mwenyewe na kulipa kwa awamu. La Kifaransa ndilo refu, nalo halizidi maneno 300. La Kiingereza linatilia mkazo chanzo cha shaba. Mistari ya kwanza ilitugharimu muda kuliko mingine yote, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye Google na kwenye WhatsApp mtu anapomtumia mwenzake anwani ya ukurasa, na baada ya herufi kama 150 inakatwa. Yetu inasema hivi: "Tunafua shaba kwa nyundo huko Kampemba, Lubumbashi. Tuko wanne, na fundi wetu mkuu anafanya kazi hii tangu 1983." Haina sifa hata moja, na baba mkubwa amekubali kuisoma mbele ya wageni.

Gharama ya mwisho ilitokea baada ya kila kitu kukamilika. Tulibadilisha namba ya simu, nikataka kuirekebisha, nikagundua kwamba jina la tovuti limeandikishwa kwa anwani ya barua pepe ya kijana aliyeitengeneza na kwamba neno la siri analo yeye. Kwa kila neno la kubadilisha alitaka dola 10. Kwa muda ukurasa wetu, ambao tulikuwa tumeuhangaikia kila herufi ili uwe wa kweli, ulionyesha namba iliyokufa. Tulilipa ili jina lihamishiwe kwetu, na sasa tunalilipia wenyewe, kama dola 15 kwa mwaka. Yeyote anayeanza adai vitu viwili kabla ya kutoa malipo ya mwisho: jina la tovuti liwe kwenye barua pepe yake, na neno la siri la kuhariri awe nalo. Ukurasa wa namna hii haukai kama ulivyoandikwa. Mmoja wetu alihamia Kolwezi na picha yake ikabidi itolewe siku hiyohiyo. Idadi ya watu ikashuka, ikapanda tena alipopatikana mwanafunzi.

Ujumbe bado unaingia kwa WhatsApp, lakini sasa wanaanza na vipimo vya ukuta na tarehe ya harusi. Swali la kusafirisha kazi nje ya nchi ndilo ambalo ukurasa haujalijibu vizuri, kwa sababu bei inategemea uzito na inabadilika mara kwa mara. Kwa sasa tumeandika kwamba kila kazi hupimwa kwenye mizani ikishakamilika, picha ya mizani hutumwa kwa mteja, na bei ya usafiri hukubaliwa hapo kabla kifurushi hakijafungwa.